Ukame na Njaa katika Nchi ya Singida

Misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 ilikuwa na jina la kutisha kwa pori lililo baina ya Ugogo na Unyamwezi. Wapagazi waliliita Mgunda Mkali, kana kwamba ni shamba lililolimwa na moto. Richard Burton na John Speke walilivuka mwaka wa 1857, Henry Stanley akalivuka mwaka wa 1871, na habari walizoandika zafanana: kiu, vichaka vya miiba, na mwendo wa haraka ili maji ya vibuyu yasiishe kabla ya kisima cha mbele. Siku hizi sehemu kubwa ya pori hilo imo katika Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, na gari moshi liendalo Kigoma hulipita abiria wengi wakiwa wamelala. Jina limesahauliwa na wengi. Fikira iliyokuwamo ndani ya jina haikusahauliwa, kwa kuwa Singida ingali ikitajwa mara nyingi kama nchi ambayo mbingu iliinyima, na kila dhiki inayoipata hutafutiwa sababu mawinguni.

Walakini aliyetoa jina hilo alikuwa mpita njia. Alitaka kwa nchi ile maji ya siku moja na chakula cha siku moja, kisha aende zake. Kaskazini ya njia ile, mwendo wa siku chache, Wanyaturu na Wanyiramba walikuwa wakiishi chini ya mbingu ile ile, wakilima, wakichunga, wakiozana na kushtakiana kama watu wa nchi yoyote. Mvua zao zilikuwa haba. Nchi hupata wastani wa milimita 500 mpaka 800 hivi kwa mwaka, zote katika msimu mmoja uanzao Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Hata wastani huo hudanganya, kwa sababu ni miaka ya neema na miaka ya taabu iliyojumlishwa na kugawanywa na mtu aliyeketi kitini. Hakuna mkulima aliyepata kuvuna wastani. Yeye huvuna mwaka mmoja mmoja, kama ujavyo.

Ukame, basi, ni jambo la mbingu. Njaa ni jambo jingine, na historia ya Singida yaonyesha kwamba mambo haya mawili hayakuandamana sikuzote. Ilikuwako miaka ya ukame iliyopita bila ya maiti, na ilikuwako miaka ambayo upungufu wa mvua usiokuwa wa ajabu uliua watu kwa maelfu. Mwenye kuitazama tofauti hiyo hawezi kuipata kwa kuhesabu milimita za mvua peke yake. Hana budi kuuliza ni nini kilichokuwamo ghalani mvua ilipokatika, na ni nani aliyekuwa ameshika ufunguo.

Ghala la kale la Unyaturu halikuwa nyumba moja. Lilianza katika mbegu. Watu walipanda uwele na mtama, nafaka zinazoweza kukaa kimya jua linapowaka na kuendelea mvua irudipo. Nafaka iliyozidi ilitiwa katika vilindo vya magome ya miti, ikakaa humo. Lakini nafaka huliwa na wadudu na panya, na mtu mwenye busara hakuiacha yote ikae hivyo. Harold Schneider, Mmarekani aliyekaa Unyaturu mwaka wa 1959 na 1960 na kuandika kitabu juu ya uchumi wa watu wa Wahi, alieleza jinsi nafaka ya mwaka mzuri ilivyogeuzwa kuwa mifugo kwa kubadilishana, na mifugo ikageuzwa kuwa nafaka mwaka ulipokuwa mbaya. Ng'ombe, kwa maneno mengine, alikuwa ghala linalotembea. Alikuwa pia mama wa shamba, kwa maana udongo wa huko ni mwepesi na hautoi mazao ya maana bila samadi; aliyekosa ng'ombe alikosa shamba lenye nguvu, hata kama ardhi ilikuwa yake.

Wala ng'ombe hawakuwekwa mahali pamoja. Mwenye ng'ombe wengi aliwakopesha wengine kwa rafiki na jamaa wa vijiji vya mbali. Aliyepewa alikunywa maziwa na kutumia samadi, na mwenye mali alipata rafiki, tena alipata usalama, kwa maana ugonjwa au ukame ukishika upande mmoja ulimwachia mali upande wa pili. Maofisa wa Kizungu waliokuja baadaye walitazama mifugo hii wakasema kwamba Mwafrika hupenda wingi wa pembe kwa majivuno. Hapana shaka majivuno yalikuwako, kama yalivyo katika kila mali ya wanadamu. Lakini mtu anayeweka akiba yake katika benki tatu za miji mitatu hasemwi kuwa ana majivuno.

Nyumba nayo ilisema habari za mbingu. Tembe, nyumba ya paa bapa la miti, fito na udongo uliopigwa juu, ni jengo la nchi yenye mvua chache. Ndani yake mna ubaridi mchana wa Oktoba, na mna joto usiku wa Juni na Julai wakati upepo wa nyanda zile, zilizo yapata mita 1,500 juu ya bahari, hukata kama wembe. Mvua ikinyesha kwa vipindi, paa hukauka baina ya kipindi na kipindi. Ikinyesha siku nyingi mfululizo, udongo hunywa maji, paa huwa zito, boriti hupinda, na nyumba huweza kuwaangukia waliolala. Mtu hajengi paa la udongo mahali ambapo hutazamia gharika. Kwa hiyo kila tembe lililosimama lilikuwa ushahidi wa jinsi wazee walivyoifahamu hali ya hewa ya nchi yao, ushahidi ulioandikwa kwa miti na matope kabla ya kipimo cha mvua cha kwanza kufika huko.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa watu hao waliitegemea akili ya mikono yao tu. Katika Ihanzu, nchi iliyo leo katika Wilaya ya Mkalama, mvua ilikuwa na wenyewe. Waihanzu, ambao vitabu vingine huwaita Waisanzu na ambao masimulizi yao husema walitoka Ukerewe, walikuwa na watawala wawili wa ukoo mmoja wa Anyampanda, mwanamume na mwanamke, wenye makao yao Kirumi. Mmoja bila ya mwenzake hakuweza kuleta mvua. Walikuwa na mawe ya mvua na matambiko yao, na sifa ya Kirumi ilivuka mipaka ya Ihanzu mpaka kwa majirani. Mvua ilipokataa kabisa, wanawake walishika njia na ngoma yao iitwayo isimpulya, wakiimba maneno ambayo siku nyingine yangewatia aibu, na wanaume wakajificha wasikutane nao. Todd Sanders, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, aliyakuta mengi ya mambo hayo yakiwa hai alipokaa huko katika miaka ya 1990, akayaandika katika kitabu kilichotoka mwaka wa 2008.

Msomaji wa leo huweza kutabasamu. Yafaa atabasamu pole pole, kwa sababu katika desturi ya Kirumi mlikuwa na jambo moja ambalo elimu ya hewa haikulijua mpaka juzi: mvua ilihesabiwa kuwa mali ya watu wote iliyoweza kuharibiwa na matendo ya baadhi yao. Ilipokosekana, watu waliulizana ni nani aliyeivuruga. Watawala wawili walikuwa wamegombana? Mila ilivunjwa? Au yuko mtu aliyeifunga kwa uchawi ili shamba lake listawi na la jirani life? Swali la mwisho liliumiza wengi wasiokuwa na hatia, na hapana haja ya kulipamba. Serikali ya Kiingereza ilipiga marufuku mashtaka ya namna hiyo kwa sheria ya uchawi ya mwaka wa 1928, ikafikiri kwamba swali lenyewe limekwisha pamoja na mashtaka.

Ghala hilo la namna nyingi lilipata pigo la kwanza kubwa kabla ya Wadachi kukaa vizuri. Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafagia ng'ombe. Pamoja nao ilikwenda samadi, na pamoja na samadi yalikwenda mavuno ya miaka iliyofuata. Ndui na funza walikuja katika miaka hiyo hiyo. Wadachi waliweka boma Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakajenga boma jingine Mkalama. Boma lilitaka kodi, kodi ilitaka fedha, na fedha ilipatikana kwa kuuza nafaka au ng'ombe, au kwa kuuza nguvu za mwili mbali na nyumbani. Kuanzia hapo mavuno ya mwaka mzuri hayakukaa yote kumngoja mwaka mbaya. Sehemu yake ilikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiingoja.

Kisha vita vikaja. Kati ya mwaka wa 1914 na 1918 majeshi ya Wadachi, na baada yao majeshi ya Waingereza na Wabelgiji, yalipita katika nchi za kati yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Walioumia kuliko wote walikuwa Wagogo, ambao upande wao wa magharibi umo katika Manyoni. Mvua zilipopungua, njaa iliyofuata kati ya mwaka wa 1917 na 1920 walipata kuiita Mtunya. Makadirio ya watawala wa wakati ule yalikuwa kwamba watu 30,000 walikufa katika Wagogo 150,000. Hapa ndipo mtu wa historia apaswapo kusimama kidogo. Wagogo walikuwa wamepata kuona ukame mara nyingi. Walijua kuhama na ng'ombe, walijua ni jamaa gani wa mbali wa kumwendea, walijua kubadilisha ndama kwa mtama. Mwaka wa 1917 hapakuwa na ndama wa kubadilisha, vijana wa kuhamisha mifugo walikuwa wamepelekwa vitani kubeba mizigo, na jamaa wa mbali naye alikuwa amenyang'anywa. Anayesema kwamba watu hao waliuawa na ukosefu wa mvua husema kweli nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye majina ya serikali.

Zamani za Waingereza zaweza kupitwa kwa upesi zaidi, ingawa zilikuwa ndefu. Vijana wa Unyaturu na Uiramba walizoea njia ya mashamba ya mkonge, wakarudi na nguo, fedha na maradhi. Mahindi yalisogea polepole yakichukua nafasi ya uwele, kwa kuwa yana kazi chache: ndege hawayashambulii sana, na kuyatwanga au kuyasaga ni rahisi. Ubaya wa mahindi ni kwamba hayajui kusubiri. Yakikosa mvua wakati wa kuchanua, hayana msamaha. Na mashariki, huko Kongwa katika Ugogo, Waingereza walitoa onyo kubwa kuliko yote bila ya kukusudia. Kati ya mwaka wa 1946 na 1951 walitumia kiasi cha pauni milioni 36 katika mpango wa kulima karanga kwa trekta, baada ya ujumbe wa watu wachache kuzunguka nchi kwa majuma tisa na kuona kwamba yafaa. Udongo uligeuka kuwa kama saruji wakati wa jua, mvua hazikuja kama zilivyoandikiwa, na mpango ukaachwa. Wenyeji hawakuwa wameulizwa.

Uhuru ulikuja katika mwaka wa mbingu zenye vioja. Mwaka wa 1961 ulianza kwa ukame na njaa, na serikali changa ikagawa mahindi yaliyotoka Marekani. Kisha, karibu na siku zile za Desemba ambazo bendera ilipandishwa, mvua zikanyesha Afrika ya Mashariki kwa wingi usiokuwa wa kawaida, hata Ziwa Victoria likapanda yapata mita 2 na nusu katika miaka michache. Wataalamu wa leo huitaja sababu: maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalikuwa na joto kupita ya upande wa Indonesia, na mvuke wake ukaletwa bara. Hali hiyo ilirudi kwa nguvu mwaka wa 1997 pamoja na Elinino, na tena mwaka wa 2019. Basi tembe la Singida limefungwa kwa kamba ndefu kwenye bahari ambayo wengi wa waliolijenga hawakupata kuiona.

Mkoa wa Singida uliundwa mwaka wa 1963, mwaka ambao pia uliondoa utawala wa machifu. Miaka kumi baadaye, Novemba 1973, Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mpaka kufika mwaka wa 1976 karibu nchi nzima ilikuwa imehamishwa. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kufuata kila boma la mtu mmoja porini. Matunda hayo yalionekana, na Wanyaturu wengi waliojifunza kusoma walijifunza kwa sababu hiyo. Lakini nia njema hainyeshi. Operesheni iliangukia miaka ya ukame wa 1973 mpaka 1975. Iliwatoa watu katika mashamba yaliyoshiba samadi ya vizazi ikawaweka mstarini kando ya barabara, ng'ombe wengi wakachungwa mahali pamoja, na ule utaratibu wa kutawanya mali ukawa mgumu. Nchi ikaagiza nafaka kutoka ng'ambo, na kilimo kikapewa jina la kufa na kupona. Bado hubishaniwa ni kiasi gani cha upungufu ule kilitoka mbinguni na kiasi gani kilitoka katika magari ya kuhamisha. Ubishi huo haukuwa na nafasi katika hotuba za wakati ule. Ukame ulitajwa, lori halikutajwa.

Tangu hapo ghala limezidi kwenda mbali na nyumba. Sehemu yake iko serikalini, kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka wa 2008. Sehemu iko sokoni. Singida imekuwa nchi ya alizeti, na mtu apitaye katika barabara kuu huona madumu ya mafuta ya manjano yamepangwa kando ya njia yakimeta jua. Alizeti hustahimili uhaba wa mvua kuliko mahindi, na fedha zake zimesomesha watoto na kuezeka nyumba. Walakini mafuta si chakula cha kushiba. Mwenye alizeti hununua unga, na bei ya alizeti yake huweza kupanda au kushuka kwa ajili ya vita vya Ukraine au kwa ajili ya shehena ya mawese iliyoteremshwa Dar es Salaam. Babu yake alibadilisha nafaka kwa ng'ombe wa jirani aliyemjua kwa jina.

Tembe nalo linaondoka. Bati limekuwa dalili ya maendeleo, na kwa sababu nzuri: halivuji, halitaki miti mingi, na likifungiwa mfereji hujaza tangi maji safi ambayo mwanamke angeyafuata kwa saa nyingi akiwa na ndoo kichwani. Mchana huwaka kama chungu kilicho jikoni. Mwenye kuchagua baina ya joto la mchana na safari ya kisimani hahitaji kufundishwa achague lipi. Miti iliyookolewa kwa bati, hata hivyo, haikuachwa isimame. Mingi imegeuka mkaa wa kupikia mjini, kwa kuwa mwaka ambao shamba limekataa, gunia la mkaa ndilo zao lisilokataa. Mkaa ukichomwa huacha mahali pake udongo mkavu zaidi kuliko ulivyokuwa. Hivyo ndivyo mwaka mbaya uwezavyo kuuzaa mwaka mbaya mwingine bila ya mbingu kubadilika hata kidogo.

Nayo mbingu inabadilika. Katika mwaka wa 1896, Wadachi wakiwa ndiyo kwanza wamepiga boma Kilimatinde, Msweden mmoja, Svante Arrhenius, alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba hewa ya ukaa itokayo katika makaa ya mawe yaweza kuitia dunia joto. Wakati viwanda vilipoanza, hewa hiyo ilikuwa yapata sehemu 280 katika kila sehemu milioni. Sasa imepita 420. Mwaka wa 2024 ulikuwa wenye joto kuliko yote iliyopata kupimwa. Sehemu ya moshi huo iliyotoka Tanzania nzima ni ndogo mno, na ya Mkalama haipimiki. Kwa mkulima mambo haya hayaji kama tarakimu. Joto likizidi, udongo hupoteza maji upesi zaidi hata mvua ikiwa ni ile ile, na gharika na ukame huweza kufuatana katika shamba moja. Wazee wamezoea kuhesabu mwezi wa kupandia. Hesabu inayokosea mara kwa mara humwondolea mzee heshima yake, na hasara hiyo haimo katika taarifa yoyote. Badala yake kijana hupokea katika simu utabiri wa msimu wa Novemba mpaka Aprili uliotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Utabiri huo ni bora kuliko mawe ya mvua. Una upungufu mmoja: haumwambii mtu apatane na nani.

Hapa ndipo lilipo jambo la hatari katika maneno yasemwayo leo juu ya tabia ya nchi. Serikali ya Kiingereza ilisema ukame, ikanyamaza juu ya vita. Serikali ya kijiji ilisema ukame, ikanyamaza juu ya amri. Sasa limepatikana neno kubwa kuliko ukame, tena neno la kweli, na kila ofisi yaweza kulitumia kufunika kisima kisichochimbwa, pembejeo iliyochelewa, na msitu uliouzwa. Ukweli wa neno ndio unaolifanya kifuniko kizuri. Kwa upande wa pili, wapo wasemao kwamba yote ni makosa ya wenyeji wenyewe, wakataji miti na wafugaji wa ng'ombe wengi mno. Na hao nao humsamehe mwenye kiwanda aliye mbali. Mwandishi wa historia hana budi kuwakatalia wote wawili, ijapokuwa ni kazi isiyompatia rafiki.

Swali la Kirumi limerudi, lakini limerudi likiwa na barua za hesabu mkononi. Ni nani aliyeivuruga mvua? Wazee wa Ihanzu walimtafuta katika kijiji chao kwa sababu dunia yao iliishia pale ambapo mtu angeweza kuitwa barazani na akaja. Aliyeivuruga sasa anajulikana kwa takwimu, nchi kwa nchi, mwaka kwa mwaka, na haiti mtu. Katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, Misri, Novemba 2022, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa kusaidia nchi zilizopata hasara na madhara kwa ajili ya mabadiliko hayo. Liko neno moja ambalo mataifa tajiri yalilikwepa kwa uangalifu katika shauri hilo: fidia. Mzee yeyote wa baraza la Kinyaturu angelitambua mara moja shauri la namna hiyo, ambalo mshtakiwa ameleta ng'ombe lakini hataki isemwe kwamba amelipa.

Kusini mwa Manyoni mto Kisigo hukusanya maji ya mapori ya Singida na kuyapeleka Mtera, ambako huchanganyika na ya Ruaha Mkuu, yakaendesha mitambo ya Mtera, kisha ya Kidatu, na sasa, yakifika Rufiji, ya bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Mvua ya Mgunda Mkali, basi, huwasha taa za Dar es Salaam. Ilipokosekana mwaka wa 2006 bwawa la Mtera lilishuka vibaya, viwanda vikasimama, na watu wa mijini wakajifunza kwa miezi michache namna ya kutazama mawingu. Mgawo wa umeme ulirudi katika miezi ya mwisho ya mwaka wa 2023, maji yakiwa machache mabwawani. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, mvua kubwa iliteremsha matope ya Mlima Hanang, mlima uonekanao kutoka upande wa kaskazini wa Singida siku ya hewa safi, yakaufunika mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Rufiji uliwashwa. Mwezi uliofuata serikali ilivizima vituo vitano vya umeme wa maji, kwa kuwa umeme ulikuwa umezidi haja.